Wembe Mmoja wa Ukoo

Macho ya mdogo wangu yaligeuka manjano msimu wa kuchuma kahawa. Nilimwona kwa mbali, uani kwa baba mdogo kule Ihanda, nikadhani ni jua la jioni. Aliponikaribia nikaona kwamba si jua.

Alikuwa utingo wa malori miaka mingi, kutoka Dar mpaka Tunduma, na kutoka Tunduma mpaka Lusaka. Huko njiani alijifunza unga. Alianza kwa kuvuta, baadaye akawa anajidunga. Sitampamba kwa kuwa amekufa. Aliniibia redio, akaniibia mitumba niliyokuwa nauza Tunduma mpakani, karibu na maegesho ya malori. Siku moja aliiba hata sufuria iliyokuwa na maharage. Maharage aliyamimina kwenye bakuli, akayafunika vizuri ili inzi wasiyaguse, ndipo akaondoka na sufuria. Ndivyo alivyokuwa.

Nilimpeleka hospitali Mbeya. Walimpima damu wakasema ana homa ya ini, ile ya aina ya C. Daktari alikuwa bado kijana, na hakumtukana kama wengine.

"Dawa ipo duniani," alisema, "ila hapa kwetu hatuna. Ujaribu Dar. Lakini wakisikia bado unajidunga, hawatakuanzishia."

"Na nikiacha?"

"Ukiacha, njoo nikupe rufaa. Kwa sasa pombe usiguse. Na damu yako usimpe mtu. Sindano, wembe, mswaki, kila kitu kiwe chako peke yako."

Mdogo wangu akacheka. "Damu yangu, daktari? Nani ataitaka?"

Baba mdogo alimchukua akae naye Ihanda, maana huko hakukuwa na muuzaji. Wazazi wetu walikufa mapema, na yeye ndiye aliyetulea. Arosto, yale mateso ya kukosa unga, ilipomshika mdogo wangu, alitetemeka na kutapika, akawa anajikunja kwenye mkeka kama mtoto mwenye tumbo. Baba mdogo alimsafisha kwa mikono yake. Alimkorogea uji, akamshika kichwa anywe. Nayasema haya ili mtu asimhukumu vibaya kwa yaliyofuata.

Mdogo wangu akasimama tena. Akaanza kula ugali, akaanza hata kubeba madebe ya kahawa. Baba mdogo akatamka mbele ya ukoo wote kwamba kahawa ya msimu ule ndiyo itakayompeleka Dar kwenye dawa. Lakini kabla ya safari, chanjo.

Kwetu ugonjwa ukikaa sana mwilini huitwa mganga, na wote wa damu moja huketi mkekani. Mgonjwa huchanjwa kwanza, kifuani na mkononi, akapakwa dawa nyeusi. Kisha wembe uleule huenda kwa anayemfuata, na kwa anayemfuata, mpaka mtoto mdogo kuliko wote. Wembe haubadilishwi. Ukibadilishwa, wanasema, ugonjwa umefunguliwa mlango.

Mganga alitoka Iyula, mama mmoja mpole. Tuliketi. Wajukuu wa baba mdogo walikuwa wamevuliwa mashati, wanasukumana na kucheka. Mdogo wangu aliutazama wembe, kisha akawatazama wale watoto.

"Mimi nichanjwe wa mwisho," akasema.

"Mgonjwa ni wewe," baba mdogo akamjibu. "Dawa inaanzia kwenye ugonjwa."

"Basi kila mtu awe na wembe wake. Daktari alisema hii kitu inapita kwenye damu."

Shangazi mmoja akapiga makofi. "Jamani! Mtu aliyekuwa anajichoma sindano barabarani kama anashona gunia, leo anaogopa wembe!"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Nikasema, "Baba mdogo, nyembe zipo pale dukani. Niende mara moja."

"Wewe umekaa sana boda ya Tunduma," aliniambia, na sauti yake haikuwa ya hasira. "Kule kila mtu na lake. Sisi ni damu moja." Akamgeukia mdogo wangu. "Ukikataa wembe wa ukoo, na kahawa ya ukoo umeikataa. Chagua."

Mdogo wangu aliwatazama tena wale watoto. Jasho lilikuwa linamtoka puani. Kisha akainuka, akavaa shati lake, akasema, "Shikamooni," kama mtu anayeingia, akatoka.

Nilimfuata mpaka kwenye njia ya kutokea barabara kuu. Nilimwomba arudi, walau aombe radhi, tutafute namna.

"Namna gani, dada? Nikirudi watanikata. Halafu wale watoto?"

Nikamsindikiza mpaka barabara kuu.

Alirudi Tunduma, na Tunduma ilimrudisha kwenye sindano. Tumbo likavimba, miguu ikavimba. Nilikwenda tena Mbeya peke yangu kumwona yule daktari, nikaambiwa amehamishwa. Aliyekuwepo aliniuliza swali moja tu: ameacha? Nikasema ukweli. Akatikisa kichwa. Mdogo wangu alifia chumbani kwangu, nikimshika mkono, malori yakiunguruma nje kusubiri foleni ya Zambia.

Baba mdogo ndiye aliyembeba kumshusha kaburini. Alilia mpaka wakamshika.

Siku ya kumaliza matanga wafiwa hunyolewa nywele, na huo nao ni wembe mmoja. Baba mdogo alipoutoa kwenye karatasi, niliweka mbele yake sahani yenye nyembe mpya, kila kichwa na wembe wake.

"Bado unaendelea na lile neno lake?" akauliza.

"Ndiyo, baba mdogo."

Alinitazama sana. Kisha akaanza kuzigawa, kwanza kwa watoto, mmoja mmoja. Wake aliukataa. Alinyolewa kwa ule wa zamani, uso ameuelekeza ukutani.

Walipomaliza wote, wembe mmoja ulibaki kwenye sahani. Nilipokuwa dukani nilimhesabu na baba mdogo.