Risper na Ukurasa wa Kichaa cha Mbwa

Risper alikuwa mwalimu wa shule ya msingi karibu na Rongo, na akitoka darasani alikuwa na kazi nyingine isiyo na mshahara: kuandika katika ile kamusi elezo ya mtandaoni ambayo yeyote mwenye simu anaweza kuongeza neno au kulifuta. Wapo waliomcheka. Mwanamke mzima ameinamia simu, anamwandikia nani? Lakini alikuwa ameona watu wakifa kwa kutojua vitu vidogo, akaandika kwa Kiswahili ukurasa wa kipindupindu, wa malaria ya wajawazito, na ule wa kichaa cha mbwa. "Penye wengi hapaharibiki neno," aliwaambia akina mama wa kanisa. Methali nzuri, sibishani nayo. Ila aliyeitunga hakuwahi kuona wengi wakishika kalamu moja.

Akina mama walimwamini. Walipiga picha kurasa zake wakazirusha kwenye kikundi chao cha WhatsApp, na chini yake wakaandika: hii ni ya mwalimu wetu, Nyar Asumbi, someni bila shaka. Ukweni walimwita hivyo kwa kuwa alizaliwa Asumbi. Hakuna aliyejua kwamba ukurasa wa leo huenda usiwe ule wa jana, na yeye hakuwahi kuwaeleza vizuri.

Kisha mumewe akafariki. Kwa Wajaluo, mjane aliye katika chola, yaani kabla hajafanyiwa tambiko la kumtoa msibani, haingii boma la mtu. Akiingia, chira inafuata: watoto wa boma lile wanakonda, wanaugua, wanakufa. Ukiwa Nairobi unaweza kucheka. Hapa hucheki. Risper, pamoja na kusoma kwake kote, alikaa kwake akalia, na kwa majuma mengi zile kurasa hakuzigusa.

Siku alipozifungua tena alikuta mtu asiye na jina ameingia kwenye ukurasa wa kichaa cha mbwa. Alikuwa amefuta habari za kuosha jeraha kwa sabuni na kukimbilia chanjo, akaandika kwamba jiwe jeusi likibandikwa kwenye jeraha hunyonya sumu yote ya mbwa, na likishadondoka lenyewe, hakuna haja ya sindano. Alirudisha maneno yake papo hapo. Lakini picha ya ukurasa ule mbovu ilikuwa imeshazunguka kikundi kizima, na jina lake chini.

Jioni hiyo hiyo akasikia kwamba Jeff, mtoto wa pekee wa jirani yake Mellen, aling'atwa na mbwa juzi. Akaenda mbio hadi langoni kwao, akasimama nje, maana alikuwa bado katika chola.

"Min Jeff," akamwita Mellen, yaani mama Jeff, "mpeleke mtoto hospitali. Homa Bay chanjo iko, nimeuliza."

Mellen akaja na simu mkononi. "Mwalimu, si tumefuata ile yako? Jiwe lilishika, likadondoka. Kidonda kimekauka."

"Si yangu. Mtu ameibadilisha."

"Na hili jina hapa chini ni la nani?"

Risper akaeleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyosikika kama mtu anayekana maneno yake. Jeff alikuwa ameketi mlangoni mwa nyumba, mguu umefungwa kitambaa, anatafuna muwa. Si mbali. Angemfikia, angemfungua kile kitambaa, angebishana na mamake uso kwa uso mpaka akubali. Akainua mguu. Mama mkwe wa Mellen, Dani Filister, akasema kwa upole kutoka jikoni, "Nyar Asumbi, usituletee msiba wako." Risper akaurudisha mguu. Alitaka kumwokoa mtoto, na aliogopa kumuua.

Akamtuma Frankline, mhudumu wa afya wa kijiji. Frankline alimkuta Jeff anacheza mpira, akaona haya kusisitiza, akarudi zake. Risper alipiga simu mpaka Mellen akaacha kupokea.

Mwezi uliofuata mtoto akaanza kuogopa maji. Hospitalini walimpokea, lakini ugonjwa ule ukishafika hapo hauna dawa. Alikufa ana kiu, na mamake hakuweza kumpa hata tone. Risper hakwenda kumzika, kwa sababu chola ilikuwa bado haijaisha.

Ilipoisha, boma la kwanza aliloingia lilikuwa la Mellen. Akapewa kiti, akapewa chai. Akaanza kueleza kwamba sasa ukurasa ule umefungwa, wasio na jina hawawezi tena kuugusa. Mellen alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu, mambo ya kurasa mimi sijui," akasema. "Siku ile pale langoni nilikuona ukiinua mguu." Akamwongezea chai. "Chira ina dawa yake. Manyasi yapo, yale maji ya mitishamba, tungemnywesha Jeff. Si ungeingia tu."