Libaya ya Bata na Sindano ya Ngalula

Mkinicheka ni haki yenu, maana mimi ndiye yule mwanamke aliyesimama stesheni ya Kolwezi sidiria nje, mkono mmoja juu, anashonwa kama gunia mbele ya watu, na hata leo nikimwona mtu aliyekuwepo siku ile nabadilisha njia.

Ngalula alikuwa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta kule Kapata, kwenye zile nyumba za kampuni ya migodi zinazofanana. Yeye ndiye aliyejua kushona. Kazi yangu mimi ilikuwa kuazima sindano yake (zangu hupotea, msiniulize zinakwenda wapi), na kila akinipa alisema maneno yaleyale, nimrudishie. Kabla mambo hayajaharibika tulinunua kitenge kimoja chenye picha za bata, tukagawana, tushone libaya mbili, zile blauzi zetu, tuvae sare sikukuu ya parokia. Yake akaimaliza. Kisha mishahara ikakatika, na baadaye likaja lile neno la wakubwa wa mkoa wetu kwamba wenye asili ya mkoa wa Kasai warudi kwao, ingawa Ngalula alizaliwa Kolwezi hapahapa na huko Kasai hakuwahi hata kukanyaga. Cherehani yake ikauzwa, yeye na watu wake wakahamia stesheni na vyombo vyao kungoja treni, na kitenge changu kikabaki kimekunjwa.

Nilitaka kitu kimoja tu, anione nimevaa sare yetu kabla hajaondoka. Nikajiambia kushona kuna nini, kwani nimemtazama miaka mingapi, nikafunga mlango, nikatandika libaya yangu kuukuu juu ya kitenge, nikaizungushia chaki, nikakata palepale kwenye chaki, nikaunga kwa mkono (sindano yangu moja ilijitokeza chini ya mkeka), tena nikiimba. Ilipokwisha nikaona bata wa mbele wanatembea vizuri ila wa mgongoni wamesimama kwa vichwa. Nikasema mgongo atauona nani. Niliivaa nimebana pumzi, nikadhani imenikaa kimjini, kumbe imenikaba.

Treni iliyokuja ilikuwa ya mizigo. Ngalula alikaa mlangoni mwa behewa, miguu inaning'inia nje, naye alikuwa amevaa libaya yake ya bata. Sikutegemea. Moyo ulinijaa nikasahau kwamba sitakiwi kupumua, nikainua kikapu cha unga na samaki wakavu nimpe, na mshono ukaachia kutoka kwapani hadi kiunoni, sidiria yangu iliyofungwa kwa pini ikatoka kusalimia watu. Tata mmoja, mzee aliyekaa juu ya magodoro, akasema taratibu, "Mama, bata bako banatoka mu nyumba," na wale watu, ambao sidhani kama walikuwa wamecheka tangu wafike pale, wakacheka mpaka kufuta machozi.

Ngalula hakucheka. Alishika ukingo wa kitambaa akaukagua.

"Ni nani alikataka hii?"

"Ni miye."

"Na nafasi ya mushono, ulitupa wapi?"

(Ndipo nikajua kwamba kumbe kuna nafasi ya mshono, kitambaa cha ziada kinachoachwa nje ya chaki.) Akachomoa sindano kwenye kilemba chake, uzi ukiwa tayari, akaniambia nisishushe mkono, akainama akaanza kunishona pale nilipo, akivuta huku na huku kutafuta kitambaa ambacho hakikuwepo. Kichwa chake kilikuwa karibu na changu, nikasikia harufu ya mafuta yake ya nywele, ya mawese, na aibu yote ikanitoka, nikatamani libaya ipasuke na upande wa pili ili ashone mpaka jioni. Alikuwa amefika kwenye mbavu treni ilipoanza kuvuta. Nikatembea nayo, nikakimbia, mkono bado juu, uzi katikati yetu, bata wangu wa mgongoni wanakimbia kwa vichwa, mpaka ikabidi aiachie sindano ikining'inia kwangu.

"Unirudishie sindano yangu," akasema.

Tangu hapo nimejifunza kweli, nashonea majirani, na nimeapa sikati kitambaa tena bila kuacha vidole viwili vya mshono, wala siingii stesheni na nguo niliyoivaa kwa kubana pumzi. Sindano zangu ninazo, kopo zima, na hazipotei. Ile yake imechomwa kwenye libaya, palepale alipoishia, na uzi wake. Watoto wangu huniuliza kwa nini siumalizi mshono ule, na mimi nawaambia sindano si yangu, mwenyewe akija ataumaliza.