Shanga Saba za Fedha

Juzi nilikuwa nikimtungia mdogo wangu shanga, uzi ukakatika. Nilibaki nimezikodolea macho pale mkekani, hata akaniuliza kama naumwa. Siumwi, msomaji wangu. Nilikuwa nimekumbuka Kondoa.

Baba alitutoa Haneti kwenda kule kujenga ukuta wa boma la Wadachi, tukapewa kibanda nyuma ya nyumba za askari. Jirani yetu alikuwa mke wa askari wa Kisudani. Alfajiri, tarumbeta ya boma ikilia, naye alianza kutwanga kahawa na tangawizi, na harufu ilitukuta tukikoroga uji wa uwele. Nikitoka chemchemi nilimpelekea mtungi mmoja, kisha nikaketi mlangoni kwake kimya.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Leo mtoto huyu kasema, mvua itanyesha," alimwambia bintiye, wakacheka.

Macho yake yalikuwa na ukungu. Shingoni alivaa shanga saba za fedha, nyingine kubwa, nyingine ndogo, akizisimulia kwa vidole kuanzia kwenye fundo. Ya kwanza ilitokana na riyali ya mahari ya nyanya yake, iliyoyeyushwa na sonara wa kwao kando ya mto Naili. Ya pili, kubwa, ilitoka Maghribi, ng'ambo ya jangwa. Hujaji wa huko, akiwa njiani kwenda Makka, aliugua nyumbani kwao, akapona, akaiacha kwa shukrani. Ya tatu aliifua fundi Myahudi wa Misri. Hivyo hivyo hadi ya saba. Ukimkatiza, alirudi kwenye fundo akaanza upya.

Siku moja alizivua akaenda kuoga. Nilizijaribu shingoni, uzi ukakatika karibu na fundo, zikamwagika. Nilizitunga haraka kwa uzi ule ule, tena kama mama alivyonifundisha: kubwa katikati, ndogo zishuke sawasawa pande zote mbili. Zilipendeza. Nilijisifu moyoni.

Jioni alianza kusimulia. Vidole vikasimama kwenye ya pili. Akarudi kwenye fundo, vikasimama tena.

"Hii ya Maghribi mbona ndogo?"

"Mimi naona zinapendeza tu, mama," bintiye alijibu kutoka jikoni.

Akanigeukia mimi. "Mjukuu wangu, zilikatika?"

"Hapana, bibi."

"Basi ni kichwa changu," akasema. "Kimeanza kuniacha."

Tangu siku hiyo alisimulia kwa kusitasita, mtu ambaye hakuwahi kusitasita. Mumewe alipohamishiwa Tabora, alimketisha bintiye amfundishe zile shanga kabla ya safari. Alimshikisha ile ndogo ya pili: hii ni ya hujaji. Binti akarudia. Kisha bibi akaniuliza, "Wewe umezisikia mara nyingi. Nimekosea?"

"Hujakosea, bibi."

Akanishika kichwa, akanishukuru. Kesho yake waliondoka na wapagazi.

Nyumba zile zimebomolewa, na kahawa ile sijainusa tena. Huenda bintiye sasa anamfundisha mwanawe, kidole juu ya ushanga usio wenyewe. Aliyezisikia zikiwa mahali pake na anayejua zilivyovurugika ni mimi peke yangu. Nimejaribu kuziandika hapa kwa mpango wa bibi. Nakumbuka ya kwanza, ya pili na ya tatu. Nne zilizobaki zimenitoka.