Risasi ya Wavu na Mikono ya Bakari

Mwanangu, kwanza nitenge niliyoyaona na niliyoyasikia. Nilisikia kwamba kaka yangu Bakari alirogwa kwa ajili ya wavu wake mpya. Nilichokiona ni mikono yake ikilegea vifundoni, bakuli la uji likamponyoka, kisha akaniita kwa jina la marehemu baba yetu.

Nilikuwa kijana, nasomea ualimu. Mtaani kwetu risasi ya kuzamishia wavu, ile Wareno waiitayo chumbo, iliyeyushwa chumbani, mlango umefungwa, jicho la hasidi lisiuone wavu. Bakari aliitoa kwenye betri kuukuu za magari, akawayeyushia na jirani, miaka kadhaa, akivuta moshi wake.

Hospitalini nikaanza kumweleza daktari, mama mmoja mkali, habari za mchawi.

"Mwalimu, huyo mchawi ulimwona?"

"Hapana, mama. Watu wanasema."

"Watu hawaumwi, anaumwa nduguyo. Anashika nini kila siku?"

Nikaitaja risasi. Damu ikapimwa, ikakutwa nayo. Akaamuru dawa ya mshipani ambayo, alivyonieleza, hushikamana na risasi mwilini, vikatoka pamoja kwa mkojo. "Ila neva zilizokwisha kuharibika siziahidi. Na akiurudia moshi ule, tumefanya kazi bure."

Muuguzi alipochukua chupa ya mkojo, Bakari akamaka: "We dada, usiumwage! Kama mkojo huo una risasi, nina wavu unaelea!" Wodi nzima ikacheka. Mimi sikujua kama ni mzaha au bado amechanganyikiwa. Hata leo sijui.

Alipopata nafuu, baadhi ya watu mtaani wakasema ni hirizi ya mganga wa kijiji cha Mbau iliyomponya. Wengine wakasema dawa. Nami nashindwa kupambanua ipi ilikuwa kazi ya dawa na ipi ya kuepukana na moshi.

Jana nilikuona ukibeba betri mbovu kuingia ndani. Zitoe. Usiyeyushe risasi, chumbani wala uani. Wavu huzama hata kwa mawe. Mkono ukilegea, mweleze daktari kazi yako, si maneno ya mtaa. Wala dawa ile usiitafute dukani. Hutolewa damu ikishapimwa, chini ya macho ya daktari. Mwenyezi Mungu akuhifadhie akili na viganja, ufunge nyavu zako hadi uzeeni.

Mara ya mwisho nilipokula na Bakari, alimega tonge kwa mkono wa kulia, akalifikisha kinywani. Wa kushoto ulilala juu ya mkeka. Hilo nililiona.