Kisima cha Bi Rukia na Betri za Fahadi

Bi Rukia siwezi kumsimulia kwa upole. Mtu kachimba maji kwa mikono yake, mwingine kaja kayatia sumu, huo upole nautoa wapi?

Ni Mrangi wa Kondoa, mjane, anakaa Chang'ombe kwetu. Kiangazi mabomba yakikauka, anashuka korongoni, anachimba mchanga mpaka maji yatoke. Akishateka anafunika kisima kwa matawi ya miiba, ng'ombe wasiingie. Mtaa mzima unajua: miiba ya mtu haiguswi. Maji hayo anauza, ndiyo yanamlisha.

Mwaka tisini na saba kila mwenye duka alikuwa analeta televisheni za mitumba. Fahadi, mwenye duka mtaani kwetu, kaleta rundo, nusu zimekufa. Akawaambia vibarua wake, "Tupeni korongoni. Nyaya chomeni, mniletee shaba."

Wakachoma. Kuni? Miiba ya Bi Rukia! Na betri mbovu za gari za Fahadi wakazipasulia palepale, maji yake ya tindikali yote wakamwaga mchangani.

Asubuhi Bi Rukia akakuta majivu na harufu inayokaba koo. Hakulia. Alijaza ndoo, akajitwika mpaka dukani kwa Fahadi. Wateja tele. Jamaa hata shikamoo hakutoa.

"Mama, leo umechelewa. Mimina kwenye pipa."

"Simimini. Leta kikombe, unywe."

"Mbona meusi?"

"Si umeyapika mwenyewe na mabetri yako? Kunywa, mwanangu."

"Mama, usinitanie mbele ya watu."

"Hao watu ndio wanaokunywa korongo hilohilo!"

Mteja mmoja akadakia, "Kunywa basi, bosi, leo ya bure!"

Hakunywa. Bi Rukia akaweka ndoo mlangoni, akakaa. "Sitoki mpaka ushuke ukazoe."

Kila aliyekuja kununua alichungulia ndoo, akageuza. Mchana Fahadi akakunja suruali, akashuka na vibarua wake, wakazoa vioo, nyaya, mchanga mweusi, magunia kwa magunia.

"Sasa nikatupe wapi?"

"Pasipo na mtu anayekunywa. Ukipaona, nionyeshe na mimi."

Mpaka leo hajapaona. Magunia yamejaa uani kwake, mkewe anafoka, na afoke! Kile kisima ndiyo kimekufa. Bi Rukia anachimba kingine juu kabisa, mgongo unamuua, na Fahadi juzi kashusha televisheni nyingine.