Mawese Ndani ya Injini ya Papa

Sisi tuliokulia Lubunga, ng'ambo ya mto kutoka mjini, miaka ile ya uhuru tunajua jambo ambalo wajukuu zetu hawaliamini: mtaa mzima uliweza kuitambua injini ya mtumbwi kwa sauti yake. Ya Papa, baba yangu, ilikuwa na kikohozi kidogo kabla ya kunguruma. Akina mama waliokuwa wakiosha vyombo ukingoni waliisikia ikiwa bado katikati ya mto, wakasema, "Papa Antoine anarudi," kisha wakaendelea na sufuria zao. Alikuwa akivusha watu kwenda mjini na kuwarudisha. Injini hiyo aliachiwa na Mzungu mmoja wa mashamba ya kahawa aliyeondoka haraka uhuru ulipofika. Wiki hiyohiyo Papa akaupaka mtumbwi rangi ya buluu, nasi watoto tukatembea na madoa ya buluu miguuni hadi shule ilipofunguliwa.

Siku zetu zilikuwa ndefu. Asubuhi tulikuwa kwa mapadri, tukiimba hesabu za kuzidisha kwa Kifaransa. Mchana ilikuwa lituma, ndizi zilizotwangwa hadi mikono ya Mama ikachoka, pamoja na samaki wa moshi. Jioni ilikuwa ya vigari. Kigari kilikuwa ubao mmoja na beringi nne za kuokota kando ya karakana ya reli. Mimi na Saidi, mtoto wa jirani yetu mshona kanzu, tulishuka navyo mteremko wa stesheni hadi karibu na maji, na mlio wake uliwatoa wazee ndani ya nyumba. "Kama munataka kufa, mukufe mbali na mulango yangu," mama yake Saidi alitwambia, naye alikuwa wa kwanza kuuliza nani ameshinda. Vijana wa leo wanashindana kwa vidole juu ya kioo cha simu, na bado wanasema wamechoka.

Ila beringi kavu hazikimbii, na hapo ndipo nilipopotea.

Kila mwaka maji yalipopungua na mawe kuchomoza, Papa aliilaza injini. Ndivyo alivyosema mwenyewe, kuilaza. Aliitumbukiza mguu ndani ya pipa la maji safi, akaiwasha ili isuuzike matope. Kisha alichomoa mpira wa petroli, akaiacha inywe tone la mwisho hadi ikazimika yenyewe, maana petroli inayobaki ndani ya kabureta huganda kama gundi. Halafu alifungua buji, vile vyuma viwili vinavyotoa cheche, akamimina oili safi katika kila silinda, akavuta kamba polepole mara tano ili oili ienee kote na kutu isipate mahali. Mwishowe aliipaka grisi, akaifunga mkeka na kuisimamisha kwenye pembe ya chumba chao cha kulala.

Mama alikuwa akimwambia, "Uko na bibi wa pili ndani ya nyumba, na huyu hapana pika."

"Lakini yeye hapana sema," Papa alijibu.

Mwaka wa nne wa uhuru nilikuwa na miaka kumi na miwili, na Papa aliona nimekua vya kutosha. Kazi ya pipa na ya petroli tuliifanya pamoja. Kabla hatujafika kwenye oili akaja mtu kutoka Yanonge na habari kwamba shangazi yake Papa amefariki. Papa alivaa koti palepale.

"Malizia weye," aliniambia. "Oili kifuniko kimoja kila silinda. Usikimbie."

Akaondoka bila kugeuka nyuma. Maishani mwangu sijapewa heshima kubwa kuliko ile.

Nikainua kopo la oili. Lilikuwa jepesi, na nilijua kwa nini. Kwa wiki nyingi nilikuwa nikichota tone hili na tone lile kwa ajili ya beringi zangu, ndiyo maana hakuna kigari kilichonipita mteremkoni. Ningeweza kungoja. Ningeweza kumwambia Mama. Badala yake niliingia jikoni, nikachukua chupa ya mawese. Mafuta ni mafuta, nilijiambia. Yalishuka silindani mekundu, bila sauti, na mimi nikavuta kamba mara tano, polepole, kama nilivyofundishwa. Mama alipouliza nani amemaliza mawese yake nilimtazama mdogo wangu Georgette, naye akachapwa.

Wiki chache baadaye waasi waliingia mjini. Shule ilifungwa, petroli ikapotea, na injini ikabaki ndani ya mkeka wake hata maji yalipopanda tena. Papa hakuitaja kwa mtu yeyote. Lakini huwezi kuificha sauti ambayo mtaa wote umeizoea.

Walikuja asubuhi, watano. Wawili walikuwa vijana ambao mwaka mmoja nyuma wangekuwa darasani. Mkubwa wao, waliyemwita kamanda, alikuwa mtu mpole wa maneno, na upole huo ndio uliotutisha.

"Papa, tunasikia uko na motere. Iko muzima?"

Papa angeweza kusema imekufa. Nimelifikiria hilo maisha yangu yote. Lakini alikuwa anaogopa, na tena alikuwa anajivunia kazi yake, akasema, "Iko muzima. Niliilaza vizuri. Utavuta kamba mara tatu tu, itaongea."

Nilisikia maneno hayo nikiwa nimesimama mlangoni.

Waliibeba hadi ukingoni, wakaifunga kwenye mtumbwi wa buluu, wakatia petroli waliyokuja nayo. Papa akavuta. Kamba ilikuwa nzito, ikarudi kivivu. Akavuta mara ya pili, ya tatu, ya sita. Jasho lilimtoka hadi kwenye kidevu. Injini haikukohoa hata kidogo.

"Ulisema tatu," kamanda akasema.

Papa alifungua buji moja. Ilikuwa imeshikwa na ukoko mwekundu wenye weusi, kama ule unaobaki chini ya sufuria ya sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa kwa mawese. Aliukwangua kwa ukucha, akaunusa. Kijana mmoja akainama naye akanusa, akacheka.

"Kamanda, huyu muzee amepika sombe ndani ya motere."

Wenzake walicheka. Kamanda hakucheka. "Nani aliweka hii?"

Papa aliinua macho. Hakuyazungusha, hakutafuta. Yalikuja moja kwa moja kwangu, yakakaa labda kwa muda wa pumzi moja, kisha yakaondoka.

"Njo mimi niliweka," alisema. "Oili ilikosekana."

"Uongo. Mutu wa motere kama weye hapana weka mawese. Ulitaka tusivuke."

"Njo mimi," Papa akarudia.

Walimfunga viwiko kwa nyuma kwa kamba ya mtumbwi, wakamkaza hadi kifua chake kikatokeza mbele. Mama aliketi mchangani kama mtu aliyekatwa miguu. Nilikuwa hatua kumi kutoka kwao. Kinywa changu kilikuwa wazi, nakumbuka ulimi wangu ulivyokauka kwa upepo. Hakikutoka kitu. Injini waliitupa mchangani, wakauvusha mtumbwi kwa kasia, Papa akiwa amelala kifudifudi ndani yake, na mimi nikabaki pale nimesimama hadi Georgette aliponishika mkono. Nimefika uzeeni, na bado zipo asubuhi ninazoamka nikiwa nimesimama pale.

Alirudi baada ya siku kumi na tisa. Mkono wake wa kulia haukupanda tena juu ya bega. Waasi walipoondoka, mtaa ulimfanya shujaa: Papa Antoine aliyewanyima waasi injini yake. Walimletea kuku. "Mi hapana fanya kitu," aliwaambia, nao wakazidi kumsifu kwa unyenyekevu.

Injini aliisafisha kwa petroli, mimi nikiwa mkono wake wa kulia, siku nne nzima. Na maji yalipopungua tena, aliniita uani. Alinieleza kila hatua upya, kama mtu ambaye hajawahi kunieleza. Tulipofika kwenye oili alinikabidhi kopo jipya, zito, halafu hakuondoka. Alikaa juu ya kigogo kando yangu, akatazama mto. Alikaa muda mrefu. Sasa ninajua alikuwa akinipa nafasi. Nilimimina, nikavuta kamba mara tano, nikafunga mkeka.

"Bon," alisema, yaani vyema, akaenda kuona chakula.

Aliishi miaka kumi na moja baada ya hapo. Kila mwaka niliilaza injini, na kila mwaka alikaa juu ya kigogo kile. Alipokufa nilikuwa na cheti cha sekondari na kazi kwenye ofisi za bandari, niliweza kuandika barua yoyote kwa mkuu yeyote, na neno langu moja nilikuwa sijalisema.

Leo injini za mto zinakuja ndani ya maboksi na hakuna anayezilaza. Zikifa zinatupwa, nyingine inaagizwa. Mjukuu wangu Trésor anaendesha pikipiki yangu ya kubeba abiria. Mwezi uliopita aliiendesha bila oili hadi injini ikashikamana. Aliingia na kofia yake ya pikipiki bado kichwani, akasema, "Koko, nimeua pikipiki. Nilisahau oili," akavuta kiti. Ni hayo tu. Hakulia, hakuzunguka. Nilitaka kumgombeza kwa kukosa haya, kama sisi wazee tunavyofanya, lakini nilimsogezea sahani. Jambo lililonishinda miaka yote ile yeye alikuwa amelimaliza kati ya mlango na kiti.

"Bon," nikamwambia. "Kaa, chakula kitapoa."

Na nilipoyasikia maneno hayo yakitoka kinywani mwangu, ndipo nilipojua kwamba hata ningekiri, Papa naye hangekuwa na jingine la kuniambia.