Mama Safu: Miaka kumi na mmoja anawachagulia wengine viti, chake kimemshinda

Saa nane na nusu mchana, Ijumaa. Magari ya mbio yamenyamaza tangu saa saba, na Jukwaa la Kona limebaki na joto, karatasi na mwanamke mmoja aliyepiga magoti kwenye safu ya tatu. Mkono mmoja umeshika fagio. Mwingine umeshika kipande cha mkate kilichoumwa mara moja tu.

Anakigeuza. Anakinusa. Anakipitishia kidole, kisha anakitazama kidole chake kwa muda mrefu.

"Cheusi," anasema. "Umeona? Sasa huyu aliacha kula kwa utamu wa mbio au kwa sababu ya vumbi? Niambie wewe uliyesoma."

Mwandishi wa makala haya, aliyesoma, hajui.

Hapa uwanjani wanamwita Mama Safu. Ana miaka hamsini na miwili, na kwa miaka kumi na mmoja amefagia majukwaa mawili yenye viti elfu nne na mia mbili. Hajawahi kuona mbio hata moja. Siku ya mashindano wafagiaji hukaa nyuma ya majukwaa, karibu na mapipa ya taka, wakingoja watu waondoke.

"Mbio mimi nazisikia kwa mgongo," anasema. "Naegemea ukuta, ukuta unatetemeka, nasema haya, wamepita. Baada ya dakika mbili unatetemeka tena. Ni walewale au ni wengine, sijui."

Hata hivyo, mtu akifika kwenye dirisha la tiketi na kuuliza wapi akae, karani hampi maoni yake mwenyewe. Humpa ya Mama Safu.

Utaalamu wenyewe ulianza kwa makombo. Miaka ya mwanzo aliona kwamba sehemu nyingine za jukwaa watu humaliza kila walichonunua, hadi barafu ya kwenye soda, kisha wanabandua rangi ya viti kwa kucha. Sehemu nyingine alikuta bisi zimejaa kwenye pakiti, chipsi zimepoa nzima nzima, mkate umeumwa mara moja. Akapiga hesabu yake: mtu aliyechoshwa hula, aliyenogewa husahau mdomo.

Akamwambia karani: kiti kizuri ni Jukwaa la Kona, safu ya tatu hadi ya saba. Jukwaa Kuu, lile linalotazamana na gereji za timu, ni la watu wanaotaka kulala. Karani akaanza kuwaelekeza wateja hivyo, nao wakaenda. Anakadiria wamezidi mia tatu.

Kisha, wiki mbili zilizopita, akaja muuza vioo.

Alikuwa mtu mzima, mpole, amekuja na mkewe na shati jeupe kwenye mfuko. Alilitandaza juu ya dirisha la tiketi bila kugomba. Upande wa mbele ulikuwa na madoadoa meusi kama umenyunyiziwa wino. Akaeleza kwamba pale kwenye kona magari yanapokata, matairi yanatoa unga wa mpira, na upepo unaubeba wote hadi safu za chini. Walifumba macho nusu ya mbio. Chakula walikitupa.

"Mlisema mna mtaalamu," alimwambia karani. "Nilitaka tu kumwona."

Mama Safu alikuwepo, na fagio mkononi. Anasema alitamani sakafu ifunguke immeze.

"Miaka yote hiyo nawapeleka watu kwenye vumbi! Wanaacha kula kwa sababu chakula kimeingia uchafu, mimi huku nasema, ah, hawa wamefurahi. Kuna waliofurahi kweli na kuna waliokula mpira, na makombo yao ni yaleyale. Nitawatenganishaje?"

Kama yangeishia hapo, angeomba radhi akaendelea kufagia. Lakini wiki hiyohiyo uongozi wa uwanja ulitangaza kwamba kila kibarua aliyetimiza miaka kumi atapewa tiketi mbili za mbio za kufunga msimu, keshokutwa Jumapili. Atachagua viti mwenyewe, mradi aviandikishe dirishani kabla ya saa kumi jioni ya leo. Asiyeandikisha, zawadi yake inapita. Kiti kimoja cha Jukwaa Kuu ni ujira wake wa siku tisa, kwa hiyo kununua si jambo la kufikiria.

Na Jumapili si siku ya kupita hivihivi. Kule chini, katika gereji ya mwisho kabisa, yupo binti yake.

Ni fundi wa matairi katika timu ndogo. Gari likiingia, watu wanne hulirukia, kila mmoja na gurudumu lake. La nyuma kulia ni la binti. Kazi yote ni sekunde nane. Baada ya mbio hizi timu inahamia nchi ya mbali, naye anakwenda nayo kwa mkataba wa miaka miwili. Mama yake hajawahi kumwona akifanya kazi hiyo hata siku moja.

"Nilimwona akiwa mdogo, akifunga nati za baiskeli ya baba yake," anasema. "Zikafunguka njiani, baba mtu akaingia mtaroni. Hiyo ndiyo kazi yake ya mwisho niliyoiona kwa macho yangu."

Anacheka, halafu anaacha kucheka ghafla. Anakaa kwenye kiti cha safu ya tatu, anashika tama.

Ukimuuliza kwa nini basi asikae Jukwaa Kuu mbele ya gereji akamtazama mwanawe, anakutolea macho kama umemkanyaga. Hilo ameliwaza. Safu za chini pale zinatazamana na gereji uso kwa uso, na binti amekwisha kumpa onyo: "Mama, njoo, lakini usikae ninapoweza kukuona. Nikikuona mikono itatetemeka. Nati moja ikikaa vibaya, dereva ndiye anayeumia."

Basi akae juu? Juu ni mbali, na wale wanne wote huvaa ovaroli za rangi moja na helmeti zinazofunika uso. "Nitakuwa nimekaa pale nampigia makofi mtoto wa mwenzangu," anasema. "Sekunde nane! Nikianza tu kuuliza ni yupi, gari limeondoka."

Basi arudi Kona, ambako angalau ataona mbio zenyewe? Kona haioni gereji. Na kuna vumbi. Au labda halipo kila siku. Au lipo safu za chini tu. Tangu Jumatatu amekuwa akikagua makombo ya mazoezi kwa kidole, na kila siku anapata jibu tofauti. Wafagiaji wenzake kila mmoja amempa ushauri wake, na mmoja amemshauri akae nyuma kwenye mapipa kama kawaida, maana pale amekwisha kupazoea.

"Kichwa changu kimekuwa kama ndoo ya maji machafu," anasema. "Ukikoroga, sioni chini. Ukiacha kukoroga, bado sioni."

Na mumewe anasemaje? Hapo anapandisha mabega. Mumewe ni fundi cherehani, ana kibanda chake cha kushonea mwendo wa nusu saa kwa baiskeli kutoka hapa, na kwa maneno ya mkewe ni mtu asiyejishughulisha. Alipoonyeshwa tangazo la tiketi alikuwa anapachika vifungo. Alisema, "Kaa popote, mke wangu, magari yenyewe yanazunguka. Yatakufikia tu."

"Baba mzazi huyo!" anasema Mama Safu. "Mwanawe anaondoka, yeye anahesabu vifungo. Iliniuma, sitakuficha."

Saa tisa na robo anamaliza Kona na kuhamia Jukwaa Kuu. Zimebaki dakika arobaini na tano. Anaanza safu za chini, na mambo ni yaleyale ya siku zote: pakiti tupu, maganda ya karanga yaliyopangwa mstari na mtu aliyekosa la kufanya, rangi iliyobanduliwa. Wiki hii mazoezi ni bure kwa umma, na leo asubuhi watu hawakuwa wengi. Anapanda akifagia. Safu ya kumi. Ya kumi na tano. Kwenye safu ya ishirini paa linaanza, na kivuli kinakuwa kizito kiasi kwamba ukitoka juani unasimama kwanza macho yazoee.

Safu ya ishirini na mbili, karibu kabisa na ukingo, anainama kuchungulia chini ya kiti cha saba. Hainuki.

"Mama?" mwandishi anaita.

Anatoa kifurushi kidogo cha kitambaa chenye maua ya njano, kimefungwa mafundo mawili. Anakipapasa. Hakina vumbi, kwa sababu upepo haufiki huku. Hakijafunguliwa. Anafungua fundo la kwanza, anasita, anafungua la pili. Ndani kuna vipande vinne vya mkate na mayai mawili ya kuchemsha, yote mazima.

Anageuka na kutazama chini. Kutoka pale, gereji ya mwisho iko mbele yake wazi, na ndani yake watu wanne wenye ovaroli za bluu wanapanga matairi.

"Haya mayai nimeyachemsha mimi," anasema taratibu. "Leo. Saa kumi na mbili asubuhi."

Hufunga chakula cha mumewe kwa mabaki ya vitambaa vya kibandani, na hupiga mafundo mawili kwa sababu mzee hupenda kukining'iniza kifurushi kwenye usukani wa baiskeli. Hiki cha maua ya njano ni baki la gauni la mteja lililoshonwa wiki hii. Mama Safu anaketi kwenye kiti cha nane, anatoa simu, anaweka sauti ya nje.

"Mume wangu, uko wapi?"

"Kibandani. Nipo na suruali ya mtu hapa."

"Umekula?"

"Nimekula, asante. Mayai yalikuwa matamu sana."

"Nimeyashika hapa."

Upande wa pili cherehani inanyamaza.

"Uko safu ya ngapi?" mumewe anauliza.

"Ya ishirini na mbili."

"Basi umepaona." Anakohoa kidogo. "Leo ni mara ya tatu. Nilikwenda Jumatano, nikaenda jana. Nilianzia chini, akaniona, akaangusha spana. Nikahama. Huku juu ni giza, hanioni. Jana jioni kaniambia, afadhali baba umeacha kuja."

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba nakaa gizani nalia kama mtoto? Nilitaka nipate kwanza mahali pazuri."

Mama Safu anajifuta uso kwa ncha ya kanga, kwa hasira kidogo, kama mtu aliyeingiwa na mdudu jichoni. Kisha anauliza lile lililomnyima usingizi wiki nzima.

"Na unamjuaje? Wote wamefunikwa."

"Mke wangu, mimi ni fundi cherehani. Waliwapa ovaroli zote saizi moja. Ya kwake si niliipunguza mimi kiunoni na miguuni? Tazama chini hapo. Watatu zimewapwaya, zinapepea. Mmoja ndiye aliyevaa nguo."

Mama Safu anasimama. Anaweka kiganja juu ya macho. Mwandishi naye anatazama, na kweli, kati ya wale wanne kuna mmoja ambaye ovaroli imemkaa. Amechuchumaa upande wa kulia wa gari, anafunga, anafungua, anafunga tena. Kwa umbali ule ni mdogo kama kidole. Hainui kichwa.

"Yule pale," anasema mama yake. Amesahau kukata simu, na mumewe naye hakati.

Saa kumi kasoro dakika nne anafika dirisha la tiketi, anahema. Karani ameshika kalamu.

"Safu?"

"Ishirini na mbili, Jukwaa Kuu. Cha saba na cha nane."

Karani anainua macho. "Mama, si wewe uliyesema huko ni kwa watu wanaotaka kulala?"

"Nilisema. Andika."

Karani anaandika, kisha anauliza awaambie nini wateja wa kesho. Mama Safu anafikiri. Anakiri kwamba bado hajui Kona ni raha au ni vumbi, na mbio zenyewe bado hazielewi: magari yanatoka pale na kurudi palepale. Anakusudia kumtafuta muuza vioo na kumwomba radhi. Kwa sasa ana swali moja tu la kumpa karani.

"Mtu akija, muulize kwanza kama ana mtu wake kule chini. Akiwa naye, usimchagulie kiti. Atajitafutia."

Anarudi kuchukua fagio lake. Jumapili, anasema, atafunga chakula cha watu wawili, kwa kitambaa kilekile cha maua ya njano. Mwandishi anamuuliza watakula saa ngapi, kabla ya mbio au baada.

"Kula?" Anashangaa kweli. "Hatutakula."

"Sasa unakibeba cha nini, mama?"

"Jumatatu si nitakuja kufagia? Mwanangu atakuwa ameshaondoka. Nataka nikikute palepale, hakijaguswa."